Mashine Inayotaka Kuzoewa

Tekla alizungusha mpini mpaka bega likawaka moto, akachungulia ndani ya ndoo, akatukana. Alikuwa mtu wa kanisani, Mlutheri tangu ubatizo, na tusi lenyewe halikuwa kubwa, lakini alilitoa kwa sauti na kwa Kimeru ili mashine ilielewe vizuri. Kahawa iliyopaswa kutoka punje nzima nzima, safi, imevuliwa ganda lake jekundu, ilikuwa imetoka uji. Punje nyingine zimepasuka katikati. Nyingine zimepita na ganda lake vilevile kama zilivyoingia, hazikuguswa hata kidogo.

"Inataka kuzoewa!" alisema, akiigiza sauti ya mzee mmoja mtamu wa maneno. "Mwezi mzima nimeizoea. Sasa na yenyewe inizoee mimi!"

Mashine hiyo ya mkono, ya kumenyea kahawa, alikuwa ameinunua kwa mkwewe Sifael, mume wa binti yake Anande. Sifael alikuwa amejipatia mpya kutoka duka la Mhindi kule mjini Arusha, na ile ya zamani akaipaka rangi ya kijani akasema anaiuza. Tekla akatoa mtamba wake, ng'ombe aliyekuwa amemlea kwa majani ya migomba na kumwita kwa jina, akapewa mashine. Rangi ilikuwa nzuri, hapo hatusemi uongo. Ila rangi ndiyo iliyokuwa nzima peke yake.

Na msidhani aliinunua kwa kutaka sifa. Tangu mumewe alipofariki, shemeji yake Thomasi alikuwa na tabia ya kupita shambani jioni, mikono nyuma, akitazama mibuni kama mtu anayechagua nguo sokoni. Msimu uliopita Tekla hakuwa na mashine; alibeba kahawa kichwani kwenda kumenyea kwa majirani, akasubiri zamu, na kahawa mbivu haijui kusubiri zamu. Ikachacha. Ushirika ukaikataa. Thomasi akasimama mbele ya ukoo akasema mwanamke peke yake haiwezi kahawa, na kama itakataliwa tena msimu huu, basi shamba lirudi kwake yeye mdogo wa marehemu, na shemeji atakatiwa kipande cha kulima maharage. Wazee wa ukoo wakaitikia kwa vichwa. Kipande cha maharage! Mibuni ile Tekla aliipanda kwa mikono yake, akiwa na mimba ya Anande, akichota maji mferejini asubuhi na jioni.

Sasa michumo miwili ilikuwa imekwisha kuharibikia ndani ya mashine ya kijani. Uliobaki ulikuwa mchumo mkubwa. Ukisimama mlangoni pa nyumba yake, pale juu Akeri, ukatazama chini, uliona matawi yameinama na matunda yameanza kuwa mekundu.

Mtu atasema: si aende kwa mkwewe amwambie? Haya, nenda wewe. Kwa watu wa kizazi kile mkwe wa kiume hasemi na mama mkwe wake uso kwa uso. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Jambo likiwepo kati yao, anatumwa mshenga yule yule aliyebeba posa, naye ndiye analibeba. Na kama jambo lenyewe ni baya, ndiyo kabisa: mkwe hatamki kasoro yoyote mbele ya mama wa mkewe, hata kama kasoro ni ya jembe.

Tekla aliijua desturi hiyo, na alikwenda hivyo hivyo. Alimkuta Sifael uani akichonga mpini wa shoka. Sifael akamwona. Shoka likaanguka huku, Sifael akaenda kule, mgombani, na Tekla akabaki anatazama majani yakitikisika.

"Heshima gani hii inayotimua mbio?" aliuliza migomba. Migomba haikujibu.

Anande alitoka ndani akifuta mikono. "Shikamoo, mama. Karibu, kuna loshoro."

"Marahaba. Sikuja kula. Mwambie mumeo mashine yake imeniharibia michumo miwili."

Anande aligeuza kichwa kidogo, na Tekla akasogea akasimama upande wa kulia, akarudia. Alikuwa amejisahau kwa hasira. Tangu binti huyo alipougua surua utotoni, sikio lake la kushoto halikusikia tena kitu. Tekla hakulificha jambo hilo. Posa ilipokuja alimketisha mshenga akamwambia waziwazi: kabla ya lolote, kawaambie kwamba mtoto wangu anasikia sikio moja, mficha maradhi kifo humuumbua, mimi sitaki mwanangu aje arudishwe nyumbani kwa neno lililofichwa. Mshenga akaitikia, akaenda, akarudi anacheka, na arusi ikafungwa.

"Nilimwambia, mama," alisema Anande. "Anasema maneno ya mashine yalipita kwa mzee Aminieli, na haya yapite huko huko."

"Si mnalala nyumba moja nyie? Mimi nikwambie wewe, wewe umwambie yeye. Kuna mlima gani hapo katikati?"

"Anasema lawama ya mama na mkwe isipite kinywani mwangu, mama. Itabaki ndani ya nyumba yetu." Anande alikuwa karibu kulia. "Na mimi naona anasema kweli."

Tekla alirudi na njaa yake. Jumapili akawaona wakitoka kanisani, mke na mume, Sifael upande wa kulia wa mkewe kama kawaida yake. Siku zote ni kulia. Hata pale mfereji ulipofurika na upande huo ukawa tope tupu, bwana huyo hakuhama. Alikanyaga tope na viatu vyake vya kanisani. Jeuri, aliwaza Tekla. Hata njia anataka kuichagua yeye. Kutembea anajua, kusema hajui.

Basi akaenda kwa mshenga. Mzee Aminieli alikuwa mtu wa kupendwa, na hilo ndilo lililokuwa tatizo lake. Nusu ya ndoa za upande ule wa mlima zilipita kinywani mwake. Alimkaribisha Tekla kwa chai ya sukari nyingi na kumpa pole ya msiba uliokwisha kupita mwaka.

"Mzee wangu, sikuja kwa msiba. Mashine haimenyi."

"Mama Anande," alisema Aminieli akitabasamu, "mashine ni kama ndoa. Inataka subira."

"Mimi nina mashine, sina ndoa! Ndoa yangu iko kaburini. Nenda kamwulize mkwe wangu: aliponiuzia alijua au hakujua?"

Aminieli alikwenda. Baada ya siku kadhaa alimwita Tekla kwake tena kwa chai, fimbo mkononi, uso umeng'aa.

"Mkweo anakusalimu sana sana."

"Nimezipokea. Na mashine?"

"Anakuombea mavuno mema."

"Mzee Aminieli! Na mashine?"

"Amesema mama yake asihangaike."

Jamani! Tekla aliinuka akaenda kusimama nyuma ya nyumba ya watu, akashika shina la mgomba kwa mikono miwili, akapumua. Akimpiga mzee huyu atafungwa, na aliyefungwa hachumi kahawa. Alirudi akamwambia asante kwa chai, akateremka moja kwa moja mpaka baraza la wenyeji, akafungua shauri dhidi ya mkwewe.

Habari ilifika kanisani kabla yake. Wanawake wa kwaya walimzunguka. Kumshtaki mkwe? Mume wa mtoto wako mwenyewe? Huoni aibu, Mama Anande?

"Naiona," alisema Tekla. "Lakini aibu haimenyi kahawa."

Siku ya shauri aliamka na giza, akajaza ndoo ule uji wa kahawa, akaufunika na jani la mgomba, akaubeba kichwani mpaka barazani. Aliitua mbele ya meza ya hakimu. Harufu ya uchachu ikapanda, na karani wa baraza, kijana wa suruali fupi iliyopigwa pasi, akavuta kiti chake nyuma.

Hakimu alikuwa mzee Eliasi, mtu mzito wa kuinuka na mzito wa kusema. Sifael aliketi mwisho kabisa wa chumba, mgongo kwa mama mkwe, uso ukutani, kama mtoto aliyeadhibiwa. Anande alikuwa benchi la wanawake, shingo imegeuka ili sikio zima lielekee mezani. Na Thomasi, ambaye shauri halikumhusu hata chembe, alikuwa amepata kiti cha mbele.

"Ulipoinunua uliiona?" aliuliza mzee Eliasi.

"Niliiona. Kwa mzee Aminieli, ndiko ilikopelekwa."

"Uliigusa?"

"Niliigusa. Nikaizungusha."

"Na kahawa ndani?"

"Tupu. Haukuwa msimu, mheshimiwa. Mibuni ilikuwa na maua."

Karani akakohoa. Alisema kwa sheria ya Serikali, mtu akinunua kitu kilichokwisha kutumika, tena kwa jirani tu asiye na duka, macho ni ya mnunuzi. Muuzaji anashikwa akisema uongo; hashikwi kwa kunyamaza. Thomasi akasikika akisema "naam" ya chini chini.

"Hiyo ni ya bomani," alisema mzee Eliasi. "Na sisi tunayo yetu. Ng'ombe akiuzwa, muuzaji anataja ugonjwa wake. Asipoutaja, ng'ombe anarudi. Kwa hiyo nataka kujua jambo moja tu. Sifael, kasoro uliijua?"

Sifael aliuambia ukuta: "Niliijua."

Chumba kikaguna. Mwezi mzima, na leo neno moja!

"Uliitaja?"

"Niliitaja yote. Nilimwambia mzee Aminieli aipeleke kwa mama kabla hajatoa mtamba."

Mzee Aminieli akaitwa. Alisimama na fimbo yake na tabasamu lake, ingawa tabasamu siku hiyo lilikuwa na kazi ngumu.

"Aliniambia, ni kweli," alisema. "Na mimi nilimwambia Mama Anande kwamba mashine inataka kuzoewa."

"Ndivyo ulivyotumwa?"

"Mheshimiwa, mjumbe hauawi. Mimi ni mshenga. Ninatoka nyumba moja kwenda nyingine, na neno chungu nikilipeleka chungu, nyumba hizo hazitaungana. Ninalilainisha. Watu wakikaa pamoja wanayaona wenyewe, na wakiyaona wamekwisha kupendana. Ndivyo nilivyofanya siku zote na hakuna aliyelalamika." Akamgeukia Tekla, na hakuwa na ubaya moyoni, hilo ndilo la kusikitisha. "Hata wewe, mama. Uliponituma nikaseme habari ya sikio la binti yako, ningelisema vile? Nilisema binti ni mtulivu, anataka kuzoewa. Na si ameolewa? Si wanaishi vizuri?"

Hapo hata nzi waliokuwa juu ya ndoo walisikika.

Tekla alimtazama mzee huyo, akatafuta hasira yake yote ya mwezi mzima, asiione. Hakusema. Miaka yote hii, hakusema! Yeye Tekla amelala usingizi wake akijua amelipa deni la ukweli, kumbe mkwe alichukua mke bila kuambiwa, akaja kujigundulia mwenyewe chumbani mwake. Akamtazama Anande. Mkono wa binti ulikuwa umepanda kufunika sikio la kushoto, kama lilikuwa uchi mbele za watu.

Mzee Eliasi alisema polepole.

"Mtu akimtuma mshenga, ulimi wa mshenga ni ulimi wake. Hivyo ndivyo ninavyoona. Sifael ameficha, kwa sababu Aminieli ameficha. Lakini Mama Anande, nikiliandika neno hilo kwa Sifael, limeandikwa na kwako. Mashine ikirudi kwa ajili ya ulimi huo, kesho mtu yeyote wa ukoo wa Sifael anaweza kuja hapa na kusema na kingine kirudi. Mimi sitakuwa na jibu. Je, unaendelea na shauri?"

Thomasi alikuwa amejikunjua kwenye kiti, miguu mbele, akimtazama shemeji yake kwa huruma ya mtu aliyekwisha kupima mipaka.

Tekla aliona mibuni yake. Aliona matunda mekundu yakidondoka chini na kuoza, na Thomasi akipita katikati yake na mikono nyuma. Akaiona na ile ndoo yake ya uji pale sakafuni, aliyoibeba kwa fahari.

"Binti yangu si kitu cha kurudishwa," alisema. "Na hatatajwa barazani kwa sababu ya mashine. Nalifuta shauri. Shamba wachukue."

Aliinama kuchukua ndoo yake.

"Mama."

Haikuwa sauti ya Anande. Sifael alikuwa amesimama. Alikuwa ameugeuzia ukuta mgongo, na uso wake, mchana kweupe, mbele ya wazee wote, ulikuwa unamtazama mama mkwe wake. Mwanamke mmoja akasema "Ee Mungu!" Mzee Aminieli akajishika kifua.

"Mama, Anande sikumnunua," alisema Sifael. "Mashine niliiuza. Hivyo ni vitu viwili. Mke, nilichokikuta kwake ni changu na ni chake, na hakuna mtu wa ukoo wangu atakayekuja hapa. Mashine ni kosa langu. Ile ngoma yake ndani imezungushiwa bati la shaba lenye vipele, na vipele vimekwisha. Haiwezi tena kuvua ganda. Ukiikaza, inavunja punje. Mimi mwenyewe ilinivunjia, ndiyo maana niliiuza. Nilipaswa kukwambia hivi hivi."

Tekla alikuwa ameinama bado, mkono kwenye mpini wa ndoo.

"Vipele vimekwisha," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Maneno hayo tu?"

"Hayo tu, mama."

"Mwezi mzima, Sifael!" Sasa hasira ilirudi, ilirudi na ndugu zake wote. "Mwezi mzima nakufuata, unanikimbilia mgombani! Nimekunywa chai ya watu! Nimesalimiwa! Nimeombewa mavuno! Bega limekufa, kahawa imekufa, na jambo lenyewe ni vipele? Ungepiga hata kelele ukiwa huko huko mgombani, ningesikia! Mimi masikio yangu yote mawili ni mazima!"

Akanyamaza ghafla, akamtazama Anande kwa hofu. Lakini Anande alikuwa ameteremsha mkono, na alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. Ndipo chumba kizima kikacheka, isipokuwa kiti kimoja cha mbele.

Mzee Eliasi aligonga meza. Aliagiza karani aandike kwamba muuzaji amekiri kwa kinywa chake mwenyewe, wala si kwa cha mshenga, na kwa hiyo neno haligusi jambo lingine lolote. Mtamba arudi kwa mwenyewe. Mashine irudi kwa Sifael. Na mchumo uliobaki, Sifael aumenye kwa mashine yake mpya, kwa mikono yake, nyumbani kwa mama mkwe.

"Na wewe, Thomasi, kwa kuwa umefika bila kuitwa," aliongeza, "kawaambie wazee wa ukoo wenu michumo miwili iliharibiwa na bati, haikuharibiwa na mjane. Wataupima huu uliobaki."

Thomasi alitoka wa kwanza. Hakuaga.

Walipanda mlima watatu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa mkwe na mama mkwe kufuata njia moja. Tekla alibaki hatua chache nyuma, kwa kuwa hata yeye hakujua desturi inasemaje baada ya pale. Mbele yake Anande alitembea na mumewe. Mfereji ulikuwa umefurika tena, upande wa kulia ulikuwa tope, na Sifael alikuwa kwenye tope hilo hilo, amemwinamia mkewe, anasema naye.

Tekla alisimama. Aliuona mwendo ule kila Jumapili, miaka yote, na kila Jumapili alimwita mtu jeuri.

"Sifael," aliita. Jina lilimpa tabu mdomoni. "Ulijua lini?"

"Wiki ile ile ya arusi, mama." Hakugeuka; ujasiri wa barazani ulikuwa umekwisha, alikuwa anasema na migomba ya mbele.

"Mbona hukuleta neno?"

"Ningemtuma nani, mama? Mzee Aminieli?"

Tekla alicheka mpaka akatua ndoo. Halafu alilia kidogo, akajifuta kwa ncha ya kanga, akaimwaga kahawa ile chini ya mgomba wa mtu na kuendelea na safari.

Kulipopambazuka Sifael alikuwa uani kwa Tekla na mashine mpya mgongoni, ameugeuzia mlango wa nyumba kisogo, kwa adabu. Matunda ya kwanza yalikuwa yamekwisha kuchumwa tangu jioni; vikapu vimejaa. Tekla alisimama kizingitini, naye akatazama pembeni.

"Ina kasoro?" aliuliza.

"Ipo, mama. Mpini unabana vidole."

"Haya," alisema Tekla. "Nimesikia."

Akaenda kuleta maji.